Saa zetu zinabakia barabarani

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa komine za Lubumbashi. Tumeyaandika vile yalisemwa, tumeyapunguza kidogo tu.

Najua wengine kati yenu mumefika kwa kuchelewa, na sitauliza juu ya nini. Wa Rwashi mulingojea kuvuka reli, wa Kenya na Katuba mulikaa mu basi yenye haitembei, wa Kasapa mulishuka na kumalizia kwa miguu. Hiyo peke yake ingetosha kuwa hotuba ya leo, na mimi ningekaa chini.

Lakini niko na maneno. Nataka tuzungumuze juu ya ambuteyaji, na si vile tunazoea. Tunazoea kusema "njia imeziba" sawa vile mutu anasema "mvua inanyesha": kitu kinatoka juu, hakuna mwenye alikifanya, hakuna mwenye kuulizwa. Mimi sikubali. Ambuteyaji ya muji huu iko na sababu zenye unaweza kuonyesha kwa kidole, na karibu kila sababu iko na ofisi yenye kazi yake ilikuwa kuiondoa.

Tuanze na hesabu. Chukua mutu mwenye anapoteza saa 1 asubuhi na saa 1 magaribi, zaidi ya wakati wenye safari ingepaswa kuchukua. Anafanya kazi siku 6 kwa juma: ni saa 12. Tutoe sikukuu na magonjwa, tuhesabu majuma 48 kwa mwaka: saa 576. Gawanya kwa 24. Siku 24 nzima, muchana na usiku, mutu amekaa mu basi yenye haitembei, ao amesimama mu vumbi akingojea basi yenye haiji. Hakuna patroni mwenye anamulipa siku hizo. Serikali ingetangaza kesho kwamba kila mukaaji wa Katuba atatoa siku 24 za kazi ya bure kila mwaka, tungeshuka wote barabarani. Sasa tunazitoa kimya, tena tunalipa franga juu yake.

Na hasara hiyo haigawanyiki sawasawa. Mwenye jipu anafunga vioo, anaweka baridi, anafanya mazungumuzo yake na telefone. Mama mwenye anaenda kununua mboga kwa bei ya jumla, akifika saa tatu anakuta zile nzuri zimekwisha, na faida yake ya siku imekwenda nazo. Fundi wa kibarua akifika kisha majina kuitwa, hana siku. Mwanafunzi akifika kwenye mulango wa mutihani umefungwa, mwaka muzima unaingia mashakani juu ya dakika 20. Muganga wa zamu ya usiku anamungojea mwenzake wa asubuhi, na mwenzake amekwama, na mugonjwa hajui lolote kati ya hayo.

Halafu kuna dada zetu. Hapa nataka wanaume musikilize. Magaribi, wakati basi ni chache na watu ni wengi, wenye nguvu wanaingia kwanza. Wengine wanapita kwenye dirisha. Musichana anabakia, anangoja ya pili, ya tatu, giza linamukuta palepale. Akipata nafasi ni ya kubanwa, na sote tunajua mikono inafanya nini mu basi yenye kujaa. Wengine wameacha masomo ya magaribi juu ya hiyo tu. Wazazi wanasema: bora akae nyumbani. Basi njia yenye kuziba inaamua mutoto gani atasoma.

Sasa, hii ilianza wapi? Musishangae nikienda mbali kidogo. Reli ilifika hapa katika 1910, na muji ukaanza mwaka uleule, wakati ule Élisabethville. Mwaka wenye kufuata kiwanda kikaanza kuyeyusha shaba. Wabelgiji wakaweka wazungu katikati, na watu weusi wakawekwa kando, Kamalondo, yenye waliita Albert, na katikati yao wakaacha uwanja mutupu wenye hakuna mutu anajenga. Kisha ikakuja Kenya, kisha Katuba, kisha Rwashi. Kila moja ilipewa njia ya kwenda kazini asubuhi na kurudi magaribi. Njia ya kutoka komine moja kwenda ingine haikuwa na faida kwa wakubwa wa wakati ule. Muji wa kutenganisha watu hauhitaji njia nyingi.

Uhuru ulikuja katika 1960. Jina la muji lilibadilishwa katika 1966. Umbo la njia lilibakia. Leo tuko zaidi ya milioni 2, nyumba zimejaa mu Annexe, Kalebuka, Kasungami, Luwowoshi, Kisanga, fasi zenye babu zetu walilima mihogo, lakini wote tunaingia kwenye shingo ileile ya chupa. Mutu wa Rwashi anataka kumutembelea dada yake Katuba: anapaswa kwanza kwenda mu ville, kushuka, kutafuta basi ya pili. Hana kitu cha kununua mu ville, hana mutu wa kuona kule. Anajaza ville kwa sababu hakuna njia ingine ya kupita.

Na mukumbuke, inchi hii ilihesabu watu wake mara ya mwisho katika 1984. Wengi kati yetu hapa hatukukuwa bado tumezaliwa. Wenye kupanga barabara wanapanga kwa ajili ya watu wenye hawakuwahesabu.

Ongeza makamiyo. Shaba na kobalti za Kolwezi na Likasi zinashuka upande wetu kabla ya kufika Kasumbalesa, na kutoka pale zinaenda Durban ao Dar es Salaam. Zaidi ya nusu ya kobalti yenye dunia inatumia inatoka kwenye udongo wa Katanga, na sehemu kubwa inapita hapa juu ya magurudumu. Kamiyo moja ikiharibika saa moja ya asubuhi kwenye njia ya kuingia muji, umeona mwenyewe yenye inafuata. Mimi sipingani na makamiyo. Watu wanakula kupitia kwayo. Ninauliza saa. Kamiyo yenye imetoka Kolwezi inaweza kungoja saa mbili nje ya muji. Mutoto wa shule hawezi.

Tuje kwenye basi yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapenda kumutukana shofere, na mimi nataka tumutetee kidogo. Shofere hana mushahara. Asubuhi anachukua basi ya patroni, na magaribi anapaswa kupeleka versema, kiasi chenye kilikwisha kukatwa, njia iwe wazi ao izibe, mvua ao jua. Esanse ni juu yake. Yenye kubakia ndiyo ya bukari ya watoto wake na ya resevere. Sasa muweke mutu katika hali hiyo na umuambie aondoke na viti vitupu, asimame tu kwenye fasi ya kusimama. Hawezi. Atangoja mupaka basi ijae, na basi ine zingine zitangoja nyuma yake. Atasimama popote mukono umeinuliwa. Na saa za watu wengi ataikata lini katikati: "Tunafika hapa tu! Wote mushuke!" Unalipa tena kwa nusu yenye kubakia. Safari moja, bei mbili. Ni wizi, ndiyo. Lakini ni wizi wenye kuzaliwa na hesabu ya versema, na ukimufunga shofere huyu, kesho mwingine atafanya vilevile mu basi ileile.

Halafu mulango. Hili wengi hatuliangalii tena kwa sababu tumelizoea. Inchi yetu inatembea mukono wa kuume. Hiasi zetu nyingi zilitengenezwa Japani, fasi yenye watu wanatembea kushoto, zikatufikia kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, volani kuume na mulango wa abiria kushoto. Kwa Wajapani mulango huo unafunguka upande wa watu wa miguu. Kwa sisi unafunguka katikati ya barabara. Basi kila mara mama anashuka na mutoto mugongoni na beseni kichwani, anashuka mbele ya gari zingine. Gari za nyuma zinasimama, ao hazisimami. Kinshasa ilikwisha kukataza kuingiza gari za namna hiyo, lakini katazo haligeuzi mulango wa basi yenye iko tayari hapa. Yenye ingesaidia ni fasi ya kusimama yenye imechimbwa kando, nje ya njia, ili basi iingie muzima na watu washuke bila kukatwa miguu. Saruji, mawe, na rangi nyeupe. Hakuna teknolojia ya kuagiza.

Polisi wa barabarani, wale tunaita rulaji, sitasema mingi. Munawaona. Gari inasimamishwa palepale katikati ya makutano, saa moja na nusu ya asubuhi, karatasi zinaangaliwa, mazungumuzo yanakuwa marefu, na nyuma pembe zinalia mupaka kwenye kona. Ninaomba jambo moja tu: kama gari iko na kosa, isogezwe kando kwanza. Kosa la mutu mumoja lisifungie njia watu mia tano.

Na mvua ikianza, Novemba mupaka Aprili, njia zenye hazina lami mu Annexe zinageuka vidimbwi. Shofere anakataa kuingia, ao anaingia kwa bei mara mbili. Ndipo manseba anapata kazi. Angalieni jina lenyewe lenye muji ulimupa mutu wa moto: manseba, mujomba, ndugu ya mama. Mujomba hatukanwi. Anakupitisha fasi yenye basi haipiti, anakufikisha kwenye mutihani. Pia anabeba watu watatu bila kofia ngumu hata moja, na hospitali zinajua majeraha yake. Mimi mwenyewe napanda manseba, sitawaambia muache. Nawaambia: muwe wawili, si watatu, na mumuulize kofia. Tukiuliza wote, zitapatikana. Anauza chenye wateja wanataka.

Kuna jambo moja tunapaswa kulikataa kwa sauti. Kila mara wakubwa wanataka kuonyesha wanafanya kitu, wanawafukuza mama wenye kuuzisha kando ya njia. Meza zinavunjwa, nyanya zinakanyagwa, picha zinapigwa, na kisha siku chache mama wamerudi. Lazima warudi. Mama anauzisha fasi yenye watu wanashuka, na watu wanashuka popote kwa sababu hakuna fasi yenye ilijengwa ya kushukia. Mujenge fasi, muweke meza zake nyuma yake, atahamia peke yake bila fimbo. Vijana wenzangu, musipige makofi wakati wanavunja meza ya mama yenu.

Munaweza kuniuliza: wengine walifanya nini? Kinshasa, Oktoba 2024, serikali iligeuza barabara kubwa kuwa za upande mumoja kwa saa, asubuhi upande huu, magaribi upande ule. Watu walishuka kutembea kilomita nyingi kwa miguu, kwa sababu basi za kurudi zilikosa njia, na kisha siku chache serikali ikarudi nyuma. Waligeuza magari, hawakufikiri juu ya mutu mwenye hana gari. Dar es Salaam walichukua njia ingine. Tangu Mei 2016 wako na mabasi ya mwendokasi, yenye yanatembea mu njia yao peke yao, kutoka Kimara mupaka Kivukoni. Si paradiso. Watu wa Dar wanalalamika kwamba mabasi ni machache na yanajaa sana, na karakana yao ya Jangwani ilikwisha kujaa maji wakati wa mvua. Lakini jambo moja lilionekana kwa macho: basi yenye watu zaidi ya mia inapita kando ya jipu zenye kusimama. Kule njia ilipewa wengi.

Sisi hatuombi mwendokasi kesho asubuhi. Tunaomba vitu vidogo, na hapa nataka tuzungumuze feza, maana jibu litakuwa "hakuna feza". Kodeksi ya migodi yenye ilibadilishwa katika 2018 inasema namna ya kugawanya ile redevansi yenye makampuni yanalipa kwa madini: 50% inaenda Kinshasa, 25% inaenda kwa jimbo, 15% inaenda kwa komine ao sekta yenye mugodi uko ndani yake, na 10% ni ya mufuko wa vizazi vyenye kuja. Haut-Katanga ni jimbo la migodi. Basi mutu akikuambia hakuna feza ya mawe na saruji, umuulize kwa heshima: ile 25% ya mwaka huu imefanya nini? Na kama uko mu komine yenye iko na mugodi, umuulize burgumestre juu ya ile 15%. Makamiyo yenye yanatuzibia njia njo yenye yanabeba jibu.

Namna ya kuuliza tunayo. Katiba ya 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mukongomani haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa, peke yake ao pamoja na wengine, na mukubwa anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hatuhitaji ruhusa, wala chama, wala mukubwa wa kutufungulia mulango. Tunahitaji maneno ya hakika na sahihi nyingi.

Maneno ya hakika, ndipo kazi yenu inaanza. Tukienda kwa ofisi na kusema "barabara ni mbaya", watatujibu "tunajua". Tukienda na kusema: kutoka fasi hii mupaka fasi ile, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, basi inachukua dakika hizi, tumepima siku 10, haya ni majina ya fasi tano zenye basi zinasimama mara nyingi, hapa lini inakatwa, hapa watu hawa walishuka katikati ya njia, basi wanapaswa kujibu neno kwa neno. Hakuna mwenye alituhesabu. Tutajihesabu wenyewe.

Tutafanya hivi kwa majuma mawili, Jumatatu mupaka Ijumaa. Kila kundi liko na lini moja yenye linapanda kila siku, usibadilishe njia yako, usitafute nyingine. Ukipanda, andika saa. Ukishuka, andika saa. Basi ikikatwa, andika fasi na bei yenye ulilipa mara ya pili. Usipige picha ya shofere, usiandike namba ya gari ya mutu: hatumutafuti yeye. Dada zetu wataandika pia saa zenye walingojea magaribi na basi ngapi ziliwapita. Hiyo wanaume hawawezi kuipima. Kama rulaji akikuuliza unaandika nini, umuonyeshe karatasi, hakuna siri ndani. Ukiona mambo yanakuwa makali, funga daftari, ondoka, na utupigie.

Na wakati tunangoja jibu la miezi mitatu, kuna jambo moja lenye halingoji mutu yeyote: mustari. Kwenye kila parkingi yenye tunapanda, watano wetu wasimame mustari mumoja, wamama na wasichana na watoto wa shule mbele. Watawacheka siku ya kwanza. Mutu mwenye nguvu atapita kando, atasema "mimi niko haraka". Mumuambie tu: "Vieux, sisi wote tuko haraka, nyuma yako kuko fasi." Bila ngumi, bila matusi. Hata resevere ataupenda, kwa sababu mustari unajaza basi yake mbio kuliko fujo, na yeye njo anahitaji mbio.

Sahihi tutakusanya kisha hesabu kuwa tayari, si mbele. Sipendi mutu atie sahihi kwenye karatasi tupu. Ombi litaandikwa kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi na kwa Kiswahili kwa ajili yetu, na mama wa sokoni atasomewa kila neno kabla ya kuweka kidole chake. Tutaomba fasi za kusimama kando ya njia kwenye lini zenye tumepima, tutaomba makamiyo mazito yasiingie muji saa za shule na za kazi, na tutaomba lini moja, moja tu ya kuanzia, yenye kuunganisha Rwashi na Katuba bila kupita mu ville, na shofere wake alipwe mushahara. Siku tutapeleka, tutaomba mukono wa kupokea: tarehe, muhuri, jina la mwenye kupokea. Miezi mitatu inahesabiwa kutoka muhuri huo.

Karatasi ziko kwenye meza pale nyuma. Wa Rwashi na Kampemba muchukue zile za juu, wa Kenya, Katuba na Kamalondo za katikati, wa Annexe za chini, na wa Annexe ni nyingi kwa sababu lini zenu ni ndefu. Wenye hawana saa kwenye telefone waambie sasa, tuwaunge na mwenye iko nayo. Na wa Kasapa, musibakie sana kwa maulizo: ni karibu saa kumi na moja, na munajua ile njia inakuwa namna gani kisha hapo.